Namba 2,147,483,647: Habari za Namba Tasa Mashuhuri

Katika namba zote zinazoandikwa kwa tarakimu kumi, imo moja yenye historia isiyo ya kawaida. Nayo ni 2,147,483,647. Mwaka 1772 ilithibitishwa kuwa ni namba tasa, na kwa miongo mingi iliyofuata hapakujulikana duniani namba tasa iliyo kubwa kuipita. Leo hii namba hiyohiyo imejificha ndani ya mitambo isiyo na idadi, ikiwa ndiyo kikomo ambacho hesabu za mitambo hiyo haziwezi kukivuka. Na asubuhi moja ya Januari 2038 kikomo hicho kitafikiwa na saa za kompyuta zote ambazo hazitakuwa zimerekebishwa. Katika makala haya tutaeleza kwanza jinsi namba hiyo ilivyothibitishwa, jambo ambalo mwanafunzi wa sekondari mwenye kalamu na subira aweza kulifuata hatua kwa hatua, kisha tutaigeukia mitambo.

Yafaa tuanze na jina. Namba tasa ni namba nzima, kubwa kuliko 1, ambayo haigawanyiki pasipo baki ila kwa 1 na kwa yenyewe. 2, 3, 5, 7, 11 na 13 ni tasa. 15 siyo, kwa kuwa ni 3 × 5. Waliotutungia istilahi hii walitazama, nadhani, upande mmoja tu wa mambo: namba hizi hazivunjiki, hazitoi vipande. Ukizitazama kwa upande wa pili utaona kwamba zimeonewa na jina lao, maana ndizo mama wa namba nyingine zote. Kila namba nzima kubwa kuliko 1, kama si tasa yenyewe, huzaliwa kwa kuzidishwa namba tasa, na kwa njia moja tu: 60 ni 2 × 2 × 3 × 5, wala hakuna mkusanyiko mwingine wa namba tasa utakaotoa 60. Tangu zama za Euclid, zaidi ya miaka 2,200 iliyopita, inajulikana pia kwamba namba tasa hazina mwisho. Kwa hiyo hakuna namba tasa iliyo kubwa kupita zote. Iliyopo ni kubwa kupita zote zinazojulikana.

Mbili ikijizidisha

Ziandike 2 thelathini na moja, uzizidishe zote pamoja. Jawabu ni 2,147,483,648. Toa 1, na hiyo ndiyo namba yetu. Kwa ufupi huandikwa 2³¹ − 1. Namba za umbo hili huitwa namba za Mersenne, kwa jina la Marin Mersenne, mtawa wa Kifaransa aliyeishi kati ya mwaka 1588 na 1648, ambaye chumba chake mjini Paris kilikuwa kama posta ya wanasayansi wa Ulaya: barua za akina Descartes na Fermat zilipita mikononi mwake.

Si vigumu kuona kwamba kipeo kisipokuwa tasa, namba yenyewe nayo haiwezi kuwa tasa. Kwa mfano 6 ni 2 × 3, na 2⁶ − 1, yaani 63, hugawanyika kwa 2² − 1, yaani 3, na kwa 2³ − 1, yaani 7. Lakini kipeo kuwa tasa hakutoshi: 11 ni tasa, na hata hivyo 2¹¹ − 1 ni 2047, nayo ni 23 × 89. Mwaka 1644 Mersenne alichapisha orodha ya vipeo, hadi kufikia 257, ambavyo aliamini hutoa namba tasa: 2, 3, 5, 7, 13, 17, 19, 31, 67, 127 na 257. Baadaye ilidhihirika kwamba alikosea mara tano. 67 na 257 hazikustahili kuwamo, na 61, 89 na 107 zilikuwa zimeachwa nje. Katika 31 alisema kweli, ila kweli isiyo na uthibitisho, katika fani yetu, haina tofauti kubwa na ramli.

Aliyeuleta uthibitisho ni Leonhard Euler, mzaliwa wa Basel nchini Uswisi, aliyekuwa akifanya kazi katika Akademia ya Sayansi ya St Petersburg nchini Urusi. Mwaka 1772 alikuwa na umri wa miaka ipatayo 65. Jicho lake la kulia lilikuwa limepofuka miaka mingi kabla, na la kushoto lilikuwa limeharibiwa na mtoto wa jicho, hata akawa karibu kipofu kabisa. Hesabu alizifanya kichwani na wasaidizi wakaandika. Msomaji na aikumbuke hali hiyo anapofuata yaliyo hapa chini.

Jinsi Euler alivyolipunguza kundi

Njia ya kawaida ya kupima kama namba ni tasa ni kuigawanya kwa namba tasa zote zisizozidi kipeuo chake cha pili. Hakuna haja ya kupita hapo, kwa sababu namba ikivunjika vipande viwili, mmojawapo lazima uwe mdogo kuliko kipeuo hicho au sawa nacho. Kipeuo cha pili cha namba yetu ni 46,340 na sehemu kidogo. Chini ya hapo ziko namba tasa karibu 4,800. Tukikadiria dakika mbili kwa kila mgawanyo, mtu atahitaji saa 160, ndiyo kusema siku 20 za kazi za saa nane nane, na kosa moja likitokea katikati kazi yote imeharibika. Badala ya kuingia katika kazi hiyo ya kijakazi, Euler aliuliza swali jingine: ikiwa ipo namba tasa inayoigawanya 2³¹ − 1, namba hiyo lazima iwe ya sura gani?

Tuiite q. Kama q inaigawanya 2³¹ − 1 pasipo baki, basi 2³¹ ikigawanywa kwa q hubakiza 1. Sasa ziandike namba 2, 4, 8, 16 na kuendelea, kila moja ukiigawanya kwa q na kuchukua baki tu. Mabaki hayo hayawezi kuongezeka bila mwisho. Yatafika mahali yarudi kwenye 1, kisha yaanze upya mzunguko uleule. Kwa mfano, kwa q = 7 mabaki ni 2, 4, 1, 2, 4, 1, mzunguko wa hatua tatu. Ni dhahiri kwamba kila kipeo kinachotoa baki 1 lazima kiwe kimekamilisha mizunguko mizima, yaani kigawanyike kwa urefu wa mzunguko. Kwa q yetu, kipeo 31 kinatoa baki 1. Basi urefu wa mzunguko unaigawanya 31. Lakini 31 yenyewe ni tasa! Urefu hauwezi kuwa ila 1 au 31. Na 1 haiwezekani, maana 2 ingebakiza 1 ikigawanywa kwa q, jambo lisilotokea kwa namba tasa yoyote. Mzunguko, basi, una hatua 31 barabara.

Hapa Euler aliingiza kanuni aliyoitangaza Pierre de Fermat mwaka 1640 na ambayo Euler mwenyewe aliithibitisha baadaye: kama q ni namba tasa isiyoigawanya 2, basi 2 yenye kipeo q − 1 hubakiza 1 ikigawanywa kwa q. Jaribu kwa 7: 2⁶ ni 64, na 64 ni 63 na 1. Kutokana na kanuni hiyo, q − 1 nayo ni kipeo kinachotoa baki 1, kwa hiyo lazima igawanyike kwa 31. Tena q ni witiri, hivyo q − 1 ni shufwa. Ikigawanyika kwa 31 na kwa 2, inagawanyika kwa 62. Mara moja tumepata kwamba q lazima iwe kigawe cha 62 pamoja na 1, na karibu namba zote katika zile 4,800 zimeanguka nje.

Hatua ya pili ni fupi, na kwangu mimi ndiyo iliyo nzuri zaidi. Kama 2³¹ hubakiza 1, basi 2³², ambayo ni mara mbili yake, hubakiza 2. Lakini 2³² ni 2¹⁶ iliyozidishwa kwa yenyewe. Ni namba mraba. Kwa hiyo ipo namba mraba ambayo ikigawanywa kwa q hubakiza 2. Si kila namba tasa inakubali jambo hilo. Ukigawanya namba mraba kwa 5 utapata baki 0, 1 au 4, kamwe si 2 wala 3. Zinazokubali, ukiiacha 2, ni zile tu zinazozidi kigawe cha 8 kwa 1 au kukipungukia kwa 1: kama 7, ambapo 3 × 3 ni 9 na hubaki 2, au 17, ambapo 6 × 6 ni 36 na hubaki 2. Ukiyaunganisha masharti haya mawili utaona kwamba q haiwezi kuwa ila kigawe cha 248 pamoja na 1, au kigawe cha 248 pamoja na 63. (Namba 248 ni 8 × 31, tutakutana nayo tena mahali ambapo msomaji hapatarajii.)

Namba za sura hizo mbili, kati ya 63 na 46,340, ukiiacha 63 yenyewe, ni 372. Na nyingi katika hizo si tasa. Tuzitazame za mwanzo: 249 ni 3 × 83, iondoke, 311 ni tasa, ibaki, 497 ni 7 × 71, 559 ni 13 × 43, 745 inaishia na 5, 807 na 993 zinagawanyika kwa 3, 1055 inaishia na 5, 1241 ni 17 × 73, 1303 ni tasa, 1489 ni tasa. Kwa mwendo huo, hadi mwisho wa safari, hubaki namba kiasi cha themanini tu.

Hata mgawanyo wenyewe una njia ya mkato. Tuchukue 311. 2⁸ ni 256, ambayo imepungua 55 kuifikia 311. Zidisha 55 kwa 55 upate 3025. Toa 311 mara 9, yaani 2799, ubakiwe na 226, ambayo imepungua 85 kuifikia 311. Hilo ndilo baki la 2¹⁶. Zidisha 85 kwa 85 upate 7225. Toa 311 mara 23, yaani 7153, ubakiwe na 72. Hilo ni baki la 2³². Nusu yake, 36, ni baki la 2³¹. Na ukitoa 1 unapata 35. Kwa hiyo 311 haiigawanyi namba yetu, na hatukuhitaji hata kuiandika. Kwa njia hiyohiyo 1303 hubakiza 226, na 1489 hubakiza 199. Euler alipomaliza orodha na kila mgawanyo ukawa na baki, alikuwa na haki ya kutangaza kwamba 2,147,483,647 ni namba tasa. Habari hiyo ilitolewa katika barua yake kwa Bernoulli mwaka 1772.

Utabiri wa Barlow

Faida ya ugunduzi huo kwa watu wa zama zile ilikuwa moja. Kutokana na namba tasa ya Mersenne hupatikana namba timilifu, yaani namba iliyo sawa na jumla ya vigawo vyake vyote vilivyo vidogo kuliko yenyewe, kama 6, ambayo ni 1 + 2 + 3, au 28, ambayo ni 1 + 2 + 4 + 7 + 14. Ukizidisha 2³⁰ kwa 2³¹ − 1 unapata namba timilifu 2,305,843,008,139,952,128. Mwaka 1811 Mwingereza Peter Barlow aliandika kwamba hiyo ndiyo namba timilifu kubwa kuliko zote zitakazopata kuvumbuliwa, kwa kuwa namba hizo ni za kustaajabiwa tu bila manufaa, na haielekei mtu yeyote atajisumbua kutafuta nyingine.

Utabiri ulidumu miaka 65. Mwaka 1876 Mfaransa Édouard Lucas alithibitisha kwamba 2¹²⁷ − 1, yenye tarakimu 39, ni tasa, kwa kanuni ambayo iliboreshwa na Mmarekani D. H. Lehmer mwaka 1930. Kanuni hiyo ni nyepesi ajabu. Anza na 4. Izidishe kwa yenyewe, toa 2, kisha gawanya kwa namba unayoipima na ushike baki. Rudia hivyo, mara zilizo pungufu ya kipeo kwa 2. Mwisho ukipata 0, namba ni tasa. Ukipata kingine chochote, si tasa. Tupime 31, ambayo ni 2⁵ − 1. Kipeo ni 5, basi turudie mara tatu. Kutoka 4 tunapata 14. Kutoka 14 tunapata 194, ambayo hubakiza 8. Kutoka 8 tunapata 62, ambayo hubakiza 0. Ni tasa. Kwa 2047, baada ya mara 9, hubaki 1736. Kwa hiyo si tasa, ingawa kanuni haikututajia 23 wala 89. Kanuni hii hukutambulisha kwamba nyumba ina mlango, isikuonyeshe mlango uko wapi. Lucas alijua mwaka uleule wa 1876 kwamba 2⁶⁷ − 1 si tasa, lakini vigawo vyake, 193,707,721 na 761,838,257,287, havikupatikana hadi mwaka 1903, vilipotolewa na F. N. Cole huko Marekani.

Kwa namba yetu kanuni ya Lucas inadai marudio 29 tu. Ndiyo kanuni inayotumiwa hata leo katika kuthibitisha namba tasa kubwa za Mersenne. Kubwa kupita zote zilizojulikana hadi mwisho wa mwaka 2024 ilitangazwa mwezi Oktoba mwaka huo: ni 2 yenye kipeo 136,279,841, kutoa 1, nayo ina tarakimu 41,024,320. Kuipiga chapa kwa tarakimu 3,000 katika kila ukurasa kungehitaji kurasa zaidi ya 13,000.

Kikomo ndani ya mashine

Kompyuta haihesabu kwa tarakimu kumi bali kwa mbili, 0 na 1, kila moja ikihifadhiwa katika sehemu iitwayo biti. Katika mfumo huo 2³¹ − 1 huandikwa kwa namna ya pekee: ni 1 zilizopangwa mfululizo thelathini na moja, bila 0 hata moja. Kwa muda mrefu kompyuta nyingi zilipangiwa kuhifadhi namba nzima katika biti 32. Biti moja ikaonyesha kama namba ni chanya au hasi, zikabaki 31 za namba yenyewe. Kwa hiyo namba kubwa kuliko zote inayoingia humo ni ile ya Euler. Ukiiongezea 1, mashine haisemi kwamba imeshindwa. Hufanya kama mita ya kilometa katika gari la zamani, ambayo baada ya 99,999 hurudi kwenye 00,000. Ila mashine hii hurudi mbali zaidi, mpaka 2,147,483,648 hasi.

Hayo yangekuwa mambo ya mafundi tu, kama si saa. Mifumo mingi ya kompyuta huhesabu wakati kwa sekunde zilizopita tangu kuanza kwa tarehe 1 Januari 1970, kwa saa za Greenwich. Sekunde ya 2,147,483,647 itatimia siku ya Jumanne, tarehe 19 Januari 2038. Kwetu Afrika Mashariki itakuwa saa 12 na dakika 14 na sekunde 7 asubuhi, watoto wakijiandaa kwenda shule. Sekunde itakayofuata, kila mfumo unaotumia biti 32 bila kurekebishwa utajiona uko usiku wa Ijumaa, tarehe 13 Desemba 1901, mwezi uleule reli kutoka Mombasa ilipofika ziwani Kisumu.

Isidhaniwe kwamba hatari hiyo inangoja hadi siku yenyewe. Mkopo wa nyumba wa miaka 15 unaotolewa leo utamalizika baada ya kikomo. Vivyo hivyo hesabu za kiinua mgongo cha kijana anayeajiriwa sasa. Programu inayoandika tarehe hizo kwa biti 32 inakosea leo, siyo mwaka 2038. Kompyuta mpya za mezani na mifumo mikubwa imehamia kwenye biti 64, na kikomo chake katika sekunde ni miaka ipatayo bilioni 292, muda ambao hauna haja ya kutusumbua. Wasiwasi wangu uko kwa vifaa vidogo vilivyofungwa ndani ya mitambo, katika pampu, viwanda na vituo vya umeme, ambavyo huwekwa mara moja na kuachwa vifanye kazi miaka ishirini bila mtu kukumbuka kwamba ndani yake mna kompyuta. Kwa kuwa nchi zetu hununua vingi vya namna hiyo vikiwa vimekwisha kutumika kwingineko, ingefaa orodha yake ianze kuandikwa sasa.

Mifano ya kikomo kuvukwa ipo. Tarehe 4 Juni 1996 roketi ya Ulaya iitwayo Ariane 5 ilisambaratika chini ya dakika moja baada ya kuruka, kwa sababu namba iliyohusu mwendo wake ililazimishwa kuingia katika biti 16, ambazo mwisho wake ni 32,767. Na mwaka 2015 mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani iliagiza kwamba ndege za Boeing 787 zizimwe umeme wake wote kila baada ya muda, kwa kuwa vidhibiti vya majenereta yake vikiwashwa siku 248 mfululizo huweza kuzima vyote kwa pamoja. Kwa nini 248? Hesabu sekunde kwa mafungu ya mia moja moja ya sekunde. Mafungu 2,147,483,648 ni siku 248 na nusu hivi. Kwamba ni 248 ileile ya Euler ni sadfa tupu, lakini ni sadfa inayochekesha. Ndege za aina hiyo ndizo zinazotumiwa na mashirika ya ndege ya Kenya na Tanzania katika safari ndefu.

Je, kuwa kwake tasa kuna kazi yoyote katika hayo? Hapana. Kikomo cha biti 16 ni 32,767, ambayo ni 7 × 31 × 151. Kikomo cha biti 64 ni 2⁶³ − 1, nayo inagawanyika kwa 7, kwa kuwa 63 inagawanyika kwa 3. Mashine haijali.

Iko kazi nyingine, hata hivyo, ambapo utasa ndio kila kitu. Mtafiti wa kilimo anayetaka kuchagua kaya 200 kutoka katika orodha ya wilaya, pasipo upendeleo, huiomba kompyuta namba nasibu. Kompyuta haina kete ya kurusha. Hufuata kanuni inayotoa namba zinazoonekana kama za bahati. Mojawapo, iliyotumika katika kompyuta za IBM tangu mwaka 1969 na kupendekezwa na Park na Miller mwaka 1988 kuwa kipimo cha chini cha kanuni zote za aina hiyo, inasema: chukua namba uliyo nayo, izidishe kwa 16,807, igawanye kwa 2,147,483,647, na baki ndiyo namba inayofuata. Ukianza na 1, zinafuata 16,807, kisha 282,475,249, kisha 1,622,650,073, na kuendelea.

Tuuone utaratibu huo kwa 31. Ukizidisha kwa 2 kila mara na kushika baki, unapata 2, 4, 8, 16, 1, na mzunguko umekwisha. Namba 25 hazikuguswa. Ukizidisha kwa 3 unapata 3, 9, 27, 19, 26, 16, 17, 20 na kuendelea, ukizipitia zote 30 bila kurudia hata moja kabla ya kurudi kwenye 1. Kwa kila namba tasa upo angalau mmoja wa vizidishi vya namna hii ya pili. Kwa namba zisizo tasa hakuna hata kimoja kinachozipitia zote zilizo chini yake. Kwa namba ya Euler, kizidishi kidogo kuliko vyote chenye sifa hiyo ni 7. Namba 16,807 ni 7⁵, na inairithi sifa kwa sababu 2,147,483,646 ni 2 × 3 × 3 × 7 × 11 × 31 × 151 × 331, na 5 haimo. Kwa hiyo kanuni hupitia namba 2,147,483,646 kabla ya kurudia. Zamani hizo zilionekana nyingi; kompyuta ya leo huzimaliza kwa sekunde chache, na kwa utafiti mzito kanuni hii imepitwa na wakati. Mojawapo ya zilizoirithi, iliyochapishwa na Wajapani Matsumoto na Nishimura mwaka 1998, ina mzunguko wa hatua 2¹⁹⁹³⁷ − 1, nayo vilevile ni namba tasa ya Mersenne. Naongeza onyo moja: kanuni hizi zote mbili zisitumike kutengenezea namba za siri. Katika ile ya 16,807, atakayeiona namba moja tu amezijua zote zitakazofuata.

Limebaki jambo moja la hisabati tupu. 5 ni tasa. 2⁵ − 1, yaani 31, ni tasa. 2³¹ − 1 ni tasa. Je, tukiifanya hii ya mwisho kuwa kipeo, tukatoa 1, mlolongo utaendelea? Namba hiyo ingekuwa na tarakimu zaidi ya milioni 646. Lakini njia ya Euler inafanya kazi hata hapa: kigawo chake chochote kilicho tasa lazima kiwe kigawe cha mara mbili ya 2,147,483,647, pamoja na 1. Watafiti walipozipima namba za sura hiyo walikuta kwamba 295,257,526,626,031 inaigawanya. Mlolongo umekatika. Kuna mwingine, 2, 3, 7, 127, kisha 2¹²⁷ − 1 ya Lucas, wote tasa. Kiungo kinachofuata ni kikubwa mno hata hakuna anayejua kama ni tasa au la.

Msomaji anayetaka kulihakikisha tangazo hilo la kigawo hana haja ya kuziandika tarakimu milioni 646. Na achukue 2, aizidishe kwa yenyewe, agawanye kwa 295,257,526,626,031 na kushika baki; kisha baki alizidishe kwa lenyewe, na kuendelea hivyo hadi mara 31. Atakachokipata mwishoni ni 2.